Vikombe 60 kwa mbuzi mmoja: mfamasia ajibu swali la rekodi ya kunywa kahawa

*“Shikamoo daktari. Sisi ni vijana wa baraza moja hapa Tanga. Kila jioni tunakaa na muuza kahawa wetu, tunacheza bao na kupiga soga. Juzi mwenzetu mmoja alisema Mfaransa Voltaire alikuwa akinywa vikombe 50 kwa siku na akafikisha miaka 83, na kwamba mfalme wa Sweden aliwahi kumhukumu muuaji anywe kahawa hadi afe, akagoma kufa. Basi tumepanga shindano: Ijumaa usiku, atakayefika vikombe 60 kabla ya alfajiri anachukua mbuzi, na tunataka kupeleka jina lake kwenye kitabu cha rekodi za dunia. Mimi hunywa vikombe 10 kila jioni na nalala fofofo, kwa hiyo naona nina nafasi. Mzee wetu wa baraza anasema tunywe maji mengi katikati ili kahawa itoke kwa mkojo. Mwenzetu mmoja yuko kwenye dozi ya siprofloksasini, ile antibiotiki, na mwingine ana vidonge vya kafeini vya mazoezi, anataka kuvitumia kujipa nguvu. Je, kuna hatari yoyote? Na rekodi ni vikombe vingapi?”*

Marahaba, kijana wangu. Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini swali lako ni la dozi toka mwanzo hadi mwisho, na dozi ndiyo kazi yangu. Jibu langu ni hili: shindano la vikombe 60 msilifanye. Sikusudii kuwavunjia baraza. Mimi mwenyewe jioni bila kifinjani cha kahawa chungu na kipande cha kashata naiona haijatimia. Ila kama hivyo mlivyolipanga, mtu anaweza kufa kabla mbuzi hajafunguliwa kamba, na sababu zake nitakueleza polepole, kwa maana naona kila hoja mliyoitegemea ina ukweli kidogo ndani yake, na hicho kidogo ndicho kinachopotosha.

Tuanze na Voltaire. Ni kweli alizaliwa mwaka 1694 akafariki 1778, na ni kweli alikuwa mpenzi mkubwa wa kahawa. Lakini vikombe 40 au 50 ni hesabu ya masimulizi, imepokewa mdomo kwa mdomo. Hatujui kikombe chake kilikuwa na ukubwa gani, wala kahawa ilikuwa nzito kiasi gani, wala alivinywa kwa saa ngapi. Wanaomtaja Voltaire mara nyingi humsahau Mfaransa mwenzake, mwandishi Balzac. Huyo aliandika mwenyewe, mwaka 1839, jinsi alivyofikia hatua ya kula unga wa kahawa karibu mkavu, tumbo likiwa tupu, ili aendelee kuandika usiku kucha, na akaeleza jinsi tumbo lilivyomuwaka. Alifariki mwaka 1850 akiwa na miaka 51. Sisemi kahawa ndiyo iliyomuua. Nasema tu kwamba ukiruhusiwa kumchukua Voltaire kuwa ushahidi, na mimi nitamleta Balzac, na hapo hatutakuwa tumethibitisha chochote.

Kisa cha Sweden ndicho kinachonivutia zaidi. Kinasimuliwa kwamba Mfalme Gustav III aliamini kahawa ni sumu, akawachukua ndugu pacha wawili waliohukumiwa kifo, mmoja akaamriwa kunywa chai kila siku maisha yake yote na mwingine kahawa, mabirika matatu kwa siku, huku madaktari wawili wakiwachunguza. Madaktari wakatangulia kufa. Mfalme naye akapigwa risasi kwenye sherehe ya vinyago mwezi Machi 1792, akafariki siku chache baadaye. Kisha akafa yule wa chai, wa kahawa akabaki. Ni hadithi tamu, na wanahistoria wengi wana shaka kama ilitokea kweli. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba Sweden ilipiga kahawa marufuku mara kadhaa kati ya mwaka 1756 na miaka ya 1820, na haikufaulu: leo watu wa nchi za kaskazini mwa Ulaya, Wafini wakiongoza, wako miongoni mwa wanywaji wakubwa wa kahawa duniani.

Hata tukikubali kuwa kisa ni cha kweli, kitazame vizuri. Yule mfungwa alikunywa kwa miaka mingi, kila siku kiasi chake. Hakuna aliyemwambia amalize ya mwezi mzima kabla ya alfajiri. Mwili una uwezo wa kuondoa kafeini, ila unaiondoa kwa mwendo wake, hauharakishwi. Shika neno hilo, nitalirudia.

Na kitabu cha rekodi? Guinness World Records iliacha kupokea rekodi za ulafi, yaani nani amekula au kunywa kingi zaidi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu ya usalama. Kwa hiyo hata mmoja wenu akifika vikombe 60 na kubaki mzima, hakuna ukurasa unaomsubiri. Rekodi za kahawa zinazopokelewa ni za namna nyingine. Mwezi Juni 2019 mji wa Chinchiná, nchini Colombia, ulijaza kikombe kimoja kwa kahawa ya zaidi ya lita 22,000, na hakuna aliyetakiwa kukimaliza.

Sasa tuje kwenye dele lenu, yaani birika la kahawa, maana hapo ndipo jibu lilipo.

Swali “vikombe vingapi?” halina maana mpaka ujue ndani ya kikombe mna nini. Vifinjani vya barazani ni vidogo, na mtu husema, “Aa, hivi ni viduchu, 60 ni nini?” Fanya hivi. Mwulize muuza kahawa wenu anatia gramu ngapi za unga kwenye dele moja, na linatoa vifinjani vingapi. Kama hajui, kapimeni unga kwenye mizani ya duka. Kisha muulize ni kahawa ya wapi. Arabika, ile ya Kilimanjaro, Arusha, Mbeya au Mbinga, ikishakaangwa huwa na kafeini karibu asilimia 1.2 ya uzito wake. Robusta ya Kagera huwa nayo karibu asilimia 2.2, kwa hiyo inakaribia mara mbili. Na msidanganywe na rangi wala uchungu: kukaanga buni hadi iwe nyeusi tii kunaongeza uchungu, ila kafeini inabaki humo humo kwa sehemu kubwa. Kahawa ya dele nayo huchemka na kukaa juu ya mkaa muda mrefu, kwa hiyo karibu kafeini yote iliyomo kwenye unga huingia kwenye maji.

Chukua mfano. Tuseme dele linatiwa gramu 200 za robusta na linatoa vifinjani 60. Gramu 200 kwa asilimia 2.2 ni gramu 4.4 za kafeini, yaani miligramu 4,400. Kila kifinjani, kiduchu kama kilivyo, kinabeba kama miligramu 73. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, baada ya kupitia ushahidi mwaka 2015, ilisema mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi, na si zaidi ya 200 kwa mkupuo mmoja. Mama mjamzito asizidishe 200 kwa siku nzima. Wenzao wa Marekani wanaeleza kwamba miligramu 1,200 zikitumiwa kwa haraka zinaweza kuleta degedege. Kwenye mfano wetu hicho ni kifinjani cha 17, na mshindani wenu bado ana 43 mbele yake. Kiasi kinachotajwa kuua mtu mzima ni kama gramu 10, lakini wapo waliokufa kwa nusu ya hapo. Mshindi wa mbuzi angekuwa amekunywa gramu 4.4. Mkitumia arabika itakuwa gramu 2.4, ambayo bado ni mara sita ya kiasi cha siku nzima.

Kwa hesabu hiyo hiyo, vikombe vyako 10 vya jioni huenda ni miligramu 700 na zaidi kama ni robusta, au karibu 400 kama ni arabika. Ndiyo maana nataka uende ukapime kwa ajili yako mwenyewe, shindano liwepo lisiwepo.

Utaniuliza: mbona mimi nalala fofofo? Hapa lazima nieleze kafeini inafanya nini hasa, kwa sababu wengi wanadhani inaleta nguvu. Haileti nguvu yoyote. Inazuia habari ya uchovu isifike. Ubongo unapofanya kazi mchana kutwa, hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini. Ifikirie kama wazee wanaoingia barazani mmoja mmoja kuanzia asubuhi. Kila mzee akipata kiti anakaa na kusema, “Tumechoka, twendeni tukalale.” Wakishajaa viti vyote, usingizi unakuja. Kafeini ina umbo linalofanana na adenosini, kwa hiyo inaingia barazani na kukalia viti vile vile, ila haisemi neno. Wazee wanabaki wamesimama nje. Uchovu upo pale pale, haujapungua hata chembe, wewe tu hujausikia. Kafeini ikiondoka, wote wanaingia kwa pamoja, na ndipo mtu anapoanguka kama gogo.

Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo huongeza viti. Ndiyo mazoea hayo. Sasa kafeini yako haitoshi kuvikalia vyote, baadhi ya wazee wanapata nafasi, unalala. Na ndiyo sababu siku za mwanzo za Ramadhani wanywaji wa kahawa huumwa vichwa mchana: viti vimekuwa vingi, kafeini haipo, adenosini imejaa barazani na mishipa ya damu ya kichwani imetanuka. Lakini kulala si lazima kuwe kulala vizuri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, na usingizi wao ukapungua kwa zaidi ya saa moja.

Na hili ndilo ninaloomba ulisome mara mbili. Mazoea ya ubongo hayaukingi moyo dhidi ya dozi kubwa. Kafeini ikizidi sana huwa haiishii kwenye viti vya adenosini. Huufanya mwili umwage adrenalini kwa wingi, husukuma madini ya potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, na huvuruga mwenendo wa kalsiamu ndani ya misuli. Moyo ni msuli unaoenda kwa umeme, na umeme huo unategemea potasiamu na kalsiamu zikae sawa. Zikiyumba, mapigo yanapoteza mpangilio. Hapo haijalishi ulikuwa unakunywa vikombe 10 au kimoja.

Sasa maji ya mzee wetu. Mwambieni kwa heshima zote kwamba nia yake ni njema, ila njia siyo. Kafeini haitoki hivi hivi kwa mkojo. Inayopita kwenye figo ikiwa nzima haizidi asilimia 3 hivi. Iliyobaki yote hushughulikiwa na ini, na ini lina kimeng’enya kimoja hasa kinachobeba kazi hiyo. Kwa mtu mzima wa kawaida, ini huchukua kama saa tano kuipunguza kafeini kwa nusu. Kwa wengine ni saa mbili, kwa wengine tisa, wamezaliwa hivyo. Mwanamke aliye katika miezi ya mwisho ya ujauzito anaweza kufika saa 15. Huo ndio mwendo niliosema hauharakishwi: si kwa maji, si kwa ndimu, si kwa maziwa. Kashata na tende zitachelewesha kidogo kafeini kuingia kwenye damu, hazitaizuia. Na maji yenyewe, ukiyanywa kwa pupa lita baada ya lita juu ya kahawa yote hiyo, yanaweza kushusha chumvi ya damu, nayo ni dharura nyingine kabisa.

Mwenzenu wa siprofloksasini asiwe hata mtazamaji anayeonjaonja. Dawa hiyo hukizuia kile kimeng’enya cha ini nilichokitaja, kwa hiyo kafeini inakaa mwilini mwake muda mrefu zaidi na kila kikombe kinarundikana juu ya mwenzake. Vikombe ambavyo jana vilikuwa vya kawaida kwake vinaweza leo kumtetemesha mikono. Apunguze sana kahawa mpaka amalize dozi, na dozi asiikatishe. Kama barazani kuna mwenye pumu anayetumia aminofilini, naye ajue kwamba dawa yake ni ya ukoo mmoja na kafeini. Zikikutana zinaongezana nguvu. Wenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au kifafa, kwao hatari ni dhahiri, sina haja ya kueleza.

Vidonge vya mazoezi ndivyo vinavyonitia hofu kuliko kitu chochote katika barua yako. Kahawa ina kinga yake: inajaza tumbo, inaleta kichefuchefu, mtu anatapika kabla hajafika mbali. Kidonge hakina kinga hiyo. Vingi vina miligramu 200 kila kimoja, na mtu anaweza kumeza vitano kwa funda moja la maji. Unga wa kafeini tupu ni mbaya zaidi: mwaka 2014 vijana wawili nchini Marekani walikufa kwa unga huo, na mamlaka ya dawa ya huko ikatahadharisha kuwa kijiko kimoja cha chai cha unga wa kafeini kinalingana na vikombe 28 hivi vya kahawa. Mwambie mwenzako vidonge hivyo visionekane barazani Ijumaa hiyo.

Jambo moja hamkuuliza, nami sitalipita. Mashindano ya kunywa humfanya mtu agugumie kahawa inayotokota. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, lilisema kahawa yenyewe haina ushahidi wa kutosha wa kuleta saratani, lakini kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto zaidi ya nyuzi 65 kinaelekea kuchangia saratani ya koo la chakula. Sisi tunaishi ndani ya ukanda ambao ugonjwa huo ni mwingi, kuanzia Ethiopia kupita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Pulizeni. Desturi ya kumimina kidogo na kunywa kwa mafunda madogo ilikuwa na busara zake.

Basi mfanye nini na mbuzi? Mimi ningependekeza shindano la ulimi. Duniani kuna ubingwa wa waonjaji kahawa, na kanuni yake mnaweza kuifanya hapo hapo barazani. Mshindani huwekewa seti nane, kila moja ina vikombe vitatu. Viwili ni kahawa ile ile, kimoja ni tofauti. Ana dakika nane kukitambua kile kigeni katika kila seti. Muuza kahawa wenu apike madele mawili, robusta ya Kagera na arabika ya Kilimanjaro, na usiku ukikolea achanganye kwa kiasi ili ugumu uongezeke. Mnaonja kwa kijiko na kutema. Ni vigumu kuliko unavyodhani! Nimewahi kukaa mbele ya vikombe vitatu namna hiyo, nikanusa, nikaonja, nikarudia, na nikakosea kile nilichokiapia. Na kwamba kahawa hufurahiwa kidogo kidogo, Wahaya wamelijua zamani: mgeni akiingia hupewa buni chache za kutafuna, zilizochemshwa na majani ya dawa na kukaushwa, chache tu kwenye kiganja, naye huzitafuna taratibu huku mazungumzo yakiendelea.

Na mkitaka rekodi ya kahawa ya kujivunia, ipo moja inayotugusa. Mwezi Agosti 2025, kwenye mnada wa Panama, kilo moja ya kahawa ya aina ya Geisha iliuzwa kwa zaidi ya dola 30,000. Mbegu hiyo asili yake ni misitu ya Ethiopia. Ilikusanywa miaka ya 1930, ikapitia Kenya, ikaletwa kituo cha utafiti cha Lyamungu, pale mkoani Kilimanjaro, na ni mbegu kutoka Lyamungu zilizovuka bahari mwaka 1953 hadi Costa Rica, kisha Panama. Wakulima wa huko hawakuithamini sana mpaka mwaka 2004, ilipoingizwa kwenye mashindano ya kuonja ikawashangaza waamuzi wote. Mwambieni hilo atakayekuja barazani na habari za Voltaire.

Mwisho, hata bila shindano, jueni dalili. Mikono kutetemeka, kijasho chembamba, kichefuchefu na moyo kwenda mbio baada ya kahawa nyingi: acha papo hapo, kaa chini, usiendeshe pikipiki, na mwenzako asikuache peke yako. Lakini kifua kikibana, moyo ukiruka mapigo au ukienda mbio bila kutulia, mtu akitapika mfululizo, akianza kuweweseka, kuzirai au kupata degedege, msingoje kukuche. Mpelekeni hospitali yenye huduma ya dharura usiku huo huo. Msimtapishe, msimpe maziwa, na kama alimeza vidonge bebeni kopo lake. Mwambieni daktari ukweli wote, ni vikombe vingapi, vidonge vingapi, na cha mwisho saa ngapi, bila kuona haya kwamba mlikuwa mnashindania mbuzi. Atahitaji kupima umeme wa moyo na potasiamu ya damu, na tiba ipo ikiwahiwa.

Wewe mwenyewe, kama vikombe vyako 10 vitaonekana vimezidi 400, usikate ghafla, kichwa kitakuadhibu. Punguza kimoja kila baada ya siku mbili tatu, na kile cha mwisho kivute kirudi alasiri. Ukishafanya hivyo wiki mbili, pita kituo chochote cha afya upimwe shinikizo la damu. Mwenzenu wa siprofloksasini mpeni kazi ya kushika saa.